Uyoga wa Mjakaranda

Mjukuu wangu Becky alipiga magoti chini ya mjakaranda wetu hapa Waithaka, akabandua uyoga uliokuwa umeshika shina kama rafu ndogo. Nikamwambia avute polepole, mti huu umezeeka kama mimi.

Aliupanda marehemu mume wangu. Babake Becky, mwanangu, anataka kuukata ajenge vyumba vya kupangisha, na tulikubaliana binti yake aamue, maana ndiye anayesomea uyoga chuoni.

"Ziko aina mbili, Shosho," akasema. "Zote ni kahawia juu, nyeupe chini, ngumu kama kwato. Moja inakula ganda lililokufa tu. Nyingine inakula moyo wa mti, na siku moja mti utaangukia kitanda chako."

"Utazijuaje?"

"Nikiikwaruza chini, ile mbaya inageuka kahawia."

Akaugeuza uyoga. Chini ulikuwa mweupe kama ugali. Akapitisha ukucha, tukainama mpaka vichwa vikagongana. Mstari ukajitokeza polepole, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

"Ni ipi?" babake akauliza kutoka mlangoni.

Becky akanitazama, macho yamemjaa maji, akaufunika ule mstari kwa kidole gumba. Mtoto huyu hajui kudanganya. Masikio humwiva kabla hajafungua mdomo.

"Baba, mimi naona..."

"Ni ile mbaya," nikamkatiza. "Lete msumeno. Lakini vyumba vyako ukajenge kwa mama mkwe wako. Hapa napanda mti mwingine."