Ng'ombe Aliyefungwa kwa Kanga

Siku hiyo mjinga alikuwa Peniel, na ujinga wenyewe aliubeba kutoka kikao cha madiwani mjini, akiucheka njia nzima mpaka kwake Ihanja. Alikuwa amewashawishi wenzake wafute fedha za kliniki ya wagonjwa wa akili, lijengwe josho la ng'ombe.

Uani akakuta ng'ombe kafungwa kwa kanga.

“Mke wangu, huyu anaolewa lini?”

Mkewe hakucheka. Peniel akainama kulichunguza fundo. Kanga mpya kabisa, imesokotwa, ikakazwa kwa meno. Akachungulia ghalani, misumari ya kuning'inizia ilikuwa mitupu.

“Kamba zote zimekwenda wapi?”

“Nimezificha.” Akamwonyesha kwa midomo shemeji yake, mdogo wa Peniel, aliyeegemea ukuta tangu asubuhi. Tangu apunguzwe kazini hasemi na mtu, na jana kagawa viatu vyake vyote. “Hiyo kliniki mliyoifuta, nimesikia redioni, ndiko nilikotaka kumpeleka.”

Udiwani ukamwasha Peniel ulimi. “Sasa mbona hakuna hata mgonjwa mmoja aliyewahi kuja kwangu kulalamika?”

“Anayelalamika, mheshimiwa,” mkewe akamjibu, “bado anataka kuishi.”