Asali ya Nyota Moja

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi hata punje. Daktari mwenyewe alishanikataza.

Luciana aliingia ofisini kwa Benson bila kupiga hodi, akatua ndoo ndogo ya asali juu ya meza, akamshikisha kijana kijiko.

"Onja."

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Onja."

Benson akaonja. Ilikuwa asali ya Manyoni, ya mizinga aliyoachiwa Luciana na baba yake, nzito kiasi kwamba nzi aliyetua juu yake wiki ile aliondoka peku, viatu vikabaki. Benson akafumba macho. Alipoyafumbua hakukumbuka alikuwa anafanya kazi gani.

"Sasa niambie," Luciana akasema, "kwa nini niko wa mwisho?"

Benson ndiye mwenye lile soko la kwenye simu. Ukitafuta kuku au mafuta ya alizeti, wauzaji wanajipanga wenyewe kwenye kioo, mwenye nyota nyingi juu, mwenye chache chini. Muuzaji anauleta mzigo ofisini, bodaboda anaufikisha kwa mnunuzi. Basi ukitafuta asali, wa kwanza kabisa alikuwa Fredrick, mtu ambaye asali yake haijawahi kukutana na nyuki. Luciana alikuwa mkiani, na nyota moja na nusu.

"Fredrick ana nyota tano, mama."

"Kapewa na watu wangapi?"

Benson akakohoa. "Mmoja."

"Mkewe."

"Mfumo haujui ndoa za watu."

Luciana hakucheka. Kila nyota moja ilipoingia, alilazimika kushusha bei ili asali isirudi nyumbani. Alikuwa ameishusha mpaka ikawa haimrudishii hata nauli ya Manyoni. Fredrick naye alishamtumia salamu: akichoka, auze ile mizinga, mnunuzi yupo. Na Luciana alikuwa amechoka.

Benson akaanza kusoma maoni ya wanunuzi, sauti ikimpungua kadiri alivyosoma. "'Asali chungu. Niliwapa kuku, wakanuna.' Huyu anajiita Ulimi Mkweli. Mwingine anasema, 'Nimeilamba, meno yakaomba likizo.'"

"Fredrick kawalipa hao!"

"Hapana, mama. Asiyenunua hawezi kutoa nyota. Hawa wote wamenunua kwa hela yao."

"Basi mfumo wako una wazimu. Utibu."

Benson akavuta kompyuta. Kwanza akaiamuru isimpandishe muuzaji kwa nyota za mtu mmoja. Asubiri wapatikane wengi. Fredrick akaporomoka kama gunia lililofungwa vibaya kwenye lori. Luciana akabaki palepale.

"Bado," Benson akasema, sasa amekunja mikono ya shati. "Dawa ni hii. Anayenunua mara moja akapotea, nyota yake iwe nyepesi. Anayerudi tena na tena, nyota yake iwe nzito. Huyo ndiye anayeijua bidhaa."

"Hapo umesema, mwanangu."

Akabonyeza. Wakainamia kioo wote wawili. Ile nyota moja na nusu ikatetereka, ikashuka, ikawa moja kavu.

"Umenizika," Luciana akasema.

"Mama, hata mimi sielewi. Waliokupa tano ni wapita njia. Wanaokuponda ndio wanaorudi."

Luciana akaitazama ndoo, akamtazama Benson.

"Huyo Ulimi Mkweli anarudi?"

"Kila wiki. Hata hiyo ndoo uliyoileta ni yake, ameshaiagiza."

"Anakaa wapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Benson!"

"Siruhusiwi, mama. Lakini mzigo ni wako. Ukitaka kuupeleka mwenyewe, bodaboda yuko hapo nje, nyumba anaijua."

Luciana alikwenda Mandewa na ndoo mapajani, njia nzima akipanga maneno ya kumwambia mtu huyo, maneno ambayo hayajawahi kusemwa na mwanakwaya. Dereva anasema aliyasikia mawili matatu, na pikipiki ikaongeza mwendo yenyewe. Walipofika, Luciana akashuka na kugonga mlango kwa ngumi.

Nikafungua mimi.

Nyuma yangu wazee wenzangu, Laurenti, Enock na Bi Amne, walikuwa mezani wanachovya viazi vitamu kwenye asali ya wiki iliyopita, kila mmoja na simu yake pembeni ya sahani. Laurenti alikuwa na asali mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee," Luciana akasema. "Asali yangu ina kasoro gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kasoro yake ni moja. Watu wengine wakiijua, sisi hatupati."

Hakutukana. Aliingia, akaketi na ndoo yake mapajani, akangoja mpaka sote wanne tukabonyeza nyota tano mbele ya macho yake. Kisha akataja bei mpya, akaondoka na ndoo. Nimeshalipa yote, bila kupunguziwa, na nimeambiwa zamu yangu itafika watu wa Dodoma walioziona nyota zetu wakishatosheka.