Daraja Lisilo na Mto

Kompyuta ya mji ilikuwa imeamua kwamba daraja la mawe si daraja, kwa hiyo libomolewe pamoja na magofu mengine. Mtaalamu wake, Sikudhani, ndiye aliyeifundisha kwamba daraja ni barabara iliyojengwa juu ya maji, na mto uliopita chini ya lile la mawe ulikuwa umehama.

"Andika tu kwamba hilo lisiguswe," alisema Bwana Mkude, mkuu wa ofisi.

"Itatii, mzee, lakini bado itaamini si daraja. Kosa liko kwenye maana niliyoipa."

Akaifuta maana ile yote. Kisha akaandika kwamba daraja ni kitu kilichowekwa na watu ili wengine wavuke. Akaiagiza kompyuta ipime upya kila kilichomo kwenye ramani ya mji. Madaraja mengine yalibaki, la mawe likarudi, na chini yake kwenye orodha likatokea moja ambalo hakulitarajia: ubao uliolazwa juu ya mtaro wa Mtaa wa Wahunzi.

Bwana Mkude akacheka. "Ubao? Hebu kaza maana kidogo, mwanangu, ubao huo utoke."

"Hautoki," alisema Sikudhani, naye hakucheka. "Aliuweka mama yangu, watoto wa mtaa waende shule bila kutumbukia."

Jioni alipitia Mtaa wa Wahunzi. Mama yake alikuwa ameinama, anaufagia ubao kama kawaida yake. Sikudhani akavua viatu, akasimama ng'ambo akingoja daraja lifagiliwe.