Aanze Yeye

Hadi Alhamisi Haidari alikuwa bado amenuna, na kwa kununa mtu huyu hana mpinzani mtaa mzima wa Shanwe.

"Umemtumia shemeji ujumbe?" aliuliza Feisal, fundi cherehani wa mlango wa pili kutoka duka la Haidari.

"Aliyepandisha sauti ni yeye. Aanze yeye."

Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo. Jumapili mkewe, Hadia, alikuwa anakwenda kuamia, kufukuza ndege kwenye mpunga wao, bondeni, nyuma ya vilima vya Kasokola. Akaomba Bushra, binti yao wa miaka sita, abaki mjini na baba yake, maana kule nyasi zimeota hadi mlangoni. Haidari akasema mtoto hufuata mama. Hadia akamjibu mbele ya wateja, akamshika mtoto mkono, akaondoka.

Huko simu hazishiki. Lakini Haidari ni fundi, tena fundi mwenye maringo, na kilimani alisimika mtambo wa umeme wa jua wa kupeleka ujumbe kati ya duka na shamba. Mtambo wake haurushi ovyo. Hungoja mpaka ujumbe wa duka na ujumbe wa shamba zifike zote mbili, huzichanganya jumbe hizo zikawa moja, kisha hurusha mara moja tu. Ukifika, kila upande huondoa humo ujumbe wake wenyewe, ukabaki wa mwenzake. Hivyo betri haiishi, na tangu usimame haujapoteza ujumbe hata mmoja. Mjini kote amejisifia hilo.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndugu yangu," Feisal alisema. "Nyie mtakuja kuumizana."

"Siku zote hizi hata salamu hana. Huo ni moyo gani?"

Ila baada ya sala ya alasiri alilainika. Alimkumbuka Bushra anavyolala na kiatu kimoja mguuni, akajiona muungwana kweli. Akaandika: "Mama Bushra, nimekusamehe. Nisalimie mtoto."

Hajaweka hata simu chini, jibu likaingia. Haidari akacheka.

"Umeona? Alikuwa ananingoja mimi tu."

Wakainamia simu wote wawili.

"Baba Bushra, mtoto ameng'atwa na nyoka, mguu unavimba. Mto umejaa, kwa miguu hatuvuki. Njoo na gari. Tunakungoja."

Uliandikwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Chini yake mtambo uliongeza taarifa, kama Haidari alivyoufundisha: jumbe sita za shamba bado zinangoja za duka.