Joho la Kaka

Kwa kutunza siri hakuna anayenifikia. Ndiyo maana hii majirani wote wameshaisikia, na leo ni zamu yako.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa mgeni wa jikoni tu nyumbani kwa kaka yake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikaribishwa sebuleni, yeye na bintiye, wakakalishwa chini ya picha: kaka, kijana bado, ndani ya joho la mahafali, kidevu juu.

Binti alikuwa amepata nafasi chuoni. Ada ilitaka mkopo, na mkopo ulitaka nyumba ya mama yake iwekwe rehani.

"Usithubutu," kaka alisema. "Akifeli je? Akimaliza akakosa kazi, utalala wapi? Nitazame mimi. Baba aliuza shamba zima nikasome. Miaka mitatu! Nimepata nini? Ukarani wa stoo mpaka nastaafu. Chuo kililimeza lile shamba, mdogo wangu."

Mwaka wa shamba hilo ndio alioachishwa shule fundi, eti hela haiwatoshi wawili, akapelekwa kujifunza kushona. Miaka arobaini ameimeza hiyo, na haijashuka.

Binti alianza kuikunja barua ya chuo, polepole, ikawa ndogo kama bahasha ya dawa.

Fundi alivaa miwani, akainuka kuitazama picha. Akahesabu vifungo. Akavihesabu tena, huyo akatabasamu.

"Joho lilikukaa, kaka. Hili ndilo la chuo?"

"La nani tena? Mkuu wa chuo mwenyewe alinipa mkono, ukumbi mzima makofi!"

"Wifi, hebu njoo usikie utamu!" Wifi akatokea, mwiko mkononi. "Enhe, kaka. Ulipowapa watu mgongo kupanda jukwaani, nyuma lilikuwaje?"

"Marinda matupu! Linaburura mpaka sakafuni."

Fundi aliichukua barua mkononi mwa bintiye, akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi.

"Kile kifungo cheupe ni cha koti, vyeusi viliniishia," alisema. "Ndiyo kazi yangu ya kwanza ile, joho la mpiga picha wa stendi, la kuwaazima wateja wake. Na kitambaa kilinipungukia, kaka, nikashona mbele tu. Mgongo halina."