Lebo ya Namba Tano

Mkaguzi alikataa hata glasi ya maji.

"Nimekuja na yangu, ahsante," alisema Mama Orathai, akatoa chupa mkobani. Bahasha iliyochungulia chini ya sahani ya duriani aliisukuma kando kwa ncha ya kalamu.

Nyuma ya bosi wake, Thanom alikuwa akiomba kimoyomoyo. Ni yeye aliyeandika ile barua ya siri iliyomleta mkaguzi huyu hapa mjini Samut Prakan. Kazi yake kiwandani ilikuwa kujaza povu kwenye kuta za friji, lile linalozuia baridi isitoke, na tangu mwaka jana bosi Wisanu alikuwa ameamuru lipunguzwe nusu. Friji zikaendelea kubandikwa lebo ya namba tano, ile ya kula umeme kidogo kuliko zote.

Mama yake Thanom, muuza vinywaji baridi kule Roi Et, aliiamini lebo hiyo, akatoa akiba yake yote kununua friji moja. Sasa bili ya umeme inamkomba faida, na mwanawe anaona haya kumwambia sababu. Lakini friji zikifeli ukaguzi huu, lebo zitang'olewa na kila mnunuzi atarudishiwa pesa. Jana usiku Thanom alishindwa kujizuia, akampigia simu na kumwambia asubiri, mambo yatakaa sawa.

Ghalani zilipangwa friji mia moja, kila moja na namba yake. Kanuni ni kwamba mkaguzi achague tatu mwenyewe, zikapimwe maabara.

"Chukua hizi za mlangoni, mama," Wisanu alisema. "Huko ndani vumbi tupu, utachafua viatu."

"Unanielekeza?"

"Ah! Mimi ni nani nikuelekeze?"

Mama Orathai akampita, akaingia mpaka ndani kabisa. Alitembea polepole katikati ya safu, akaishika hirizi iliyoning'inia shingoni, akafikiri.

"Kumi na tisa. Hamsini na tisa. Na ile kule juu, tisini na tisa."

"Mama, kuishusha ile ni balaa!"

"Basi pateni balaa."

Thanom nusura acheke kwa furaha. Mama Orathai alizifunga friji tatu kwa utepe na kuzigonga muhuri kwa mkono wake, kisha akapanda lori lililozibeba asije mtu akazibadilisha njiani.

Wiki tatu baadaye majibu yakaja. Zote tatu zilikuwa zimefaulu vizuri, na lebo zikabaki.

Thanom aliyasoma mara mbili ubaoni, machozi yakimlenga. Atamwambia nini mama yake? Hasira ikampandisha ngazi hadi ofisini kwa bosi, wala hakubisha hodi.

"Kaka Wisanu, yule mama ulimpa nini?"

"Nimpe? Yule hahongeki, hata umpe kiwanda kizima!" Wisanu alicheka mpaka akakohoa. "Ila ni Mthai kama mimi na wewe, mdogo wangu. Ukimwachia achague mwenyewe, atachagua namba ya bahati. Ile Jumapili uliyokwenda hekaluni, tulijaza povu kamili friji kumi tu, tukazipa namba zote zinazoishia na tisa."