Mzee Asiyetaka Kujiuzulu

"Jana niliota nimekuwa lifti," alisema Mzee Kuwabara, akichovya kipande cha samaki kwenye mchuzi wa soya. "Watu wananiingia mdomoni na makoti yao. Nimewafikisha wote ghorofa zao. Ya kwangu sikuiona."

Bi Minegishi alitabasamu kwa adabu. Moyoni alikuwa akisema: mzee huyu leo atajiuzulu, atake asitake.

Walikuwa wawili tu katika chumba cha chini kabisa cha kampuni moja ya vitabu, hapa Tokyo. Kampuni ile haimfukuzi mtu kazi. Kufukuza ni ushenzi! Asiyetakiwa hushushwa huku, akapewa meza safi na kiti kizuri, akaachwa asubuhi hadi jioni bila hata karatasi ya kupanga, mpaka aombe mwenyewe kuondoka. Akiomba hupewa shada la maua, na wenzake humlilia kwelikweli.

Mzee Kuwabara alikuwa mhariri wa riwaya za ndoto. Unazijua: mke anakwenda kununua tofu, anarudi akiwa ukungu, na mume anampokea mfuko na kuuliza bei. Vitabu hivyo viliuzwa kama njugu. Nusu ya mji wetu hailali usingizi, na asiyelala lazima asome kitu.

Kazi ya kumwondoa mzee huyo alipewa Bi Minegishi wa idara ya mauzo. Mkurugenzi Udagawa alimwita mwenyewe ofisini.

"Bi Minegishi, kuna mzee kule chini ametushinda. Wewe una ulimi. Kaa naye, mlainishe. Akiondoka kabla maua ya cheri hayajachanua, idara nzima ya mauzo ni yako."

Bi Minegishi nusura alie. Majuma machache nyuma alikuwa amemsahihisha mkurugenzi huyohuyo kikaoni, mbele za watu, naye Udagawa akageuka mwekundu kama plamu ya chumvi. Tangu siku ile alikuwa akingoja lawama. Kumbe anapewa heshima! Kwa ajili ya kampuni hii alikwishaacha ndoa yake ivunjike bila kugeuka nyuma. Kuwa mkuu wa idara, mwanamke wa kwanza, ndilo jambo pekee alilobaki kulitaka duniani. Hata meza yake ikahamishiwa kule chini, ili asichoshwe na kupanda na kushuka.

Alianza kwa vitamu. Alileta keki za maharage, akasifu chemchemi za maji moto, akauliza wajukuu hawajambo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama ndiko tulikokulia sisi. Mzee alikula keki, akashukuru, akatoa ndoto nyingine.

"Niliota nimezikwa ndani ya droo. Wenzangu wanakuja kuniomba kalamu."

"Pole sana, mzee. Pengine mwili unadai kupumzika."

"Pengine. Na wewe, mwanangu, unaota nini?"

"Mimi huwa sioti."

"Utaota tu," alisema mzee kwa upole, akammiminia chai.

Na kweli aliota. Aliota anagawa kadi zake za kazi kwenye mkutano, na kila anayeipokea kwa mikono miwili anainama, anaitia mdomoni na kuitafuna. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii alikuwa akiwapitishia chumvi. Asubuhi akapitiliza kituo cha treni. Adhuhuri akajikuta anauomba radhi mwavuli aliougonga mlangoni.

Siku moja alipanda juu kuchukua kikombe chake. Pale palipokuwa na meza yake pamewekwa mashine ya kutolea nakala. Hinako, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi tangu siku ya kwanza, aliinama vizuri sana.

"Dada! Za huko chini?" akauliza, macho ameyaelekeza dirishani.

Bi Minegishi alishuka mbio. Wananisahau, aliwaza. Huyu mzee asipoondoka leo, nimekwisha.

Akamsimamia kichwani, adabu zote kazitupa. "Mzee, huna haya wewe? Kampuni haikutaki! Kila mtu anajua ila wewe! Wanakucheka wakila, wanakucheka wakinywa bia. Mtu mzima hovyo! Ondoka!"

Mzee Kuwabara alilaza vijiti vyake juu ya bakuli. Hakukasirika hata kidogo.

"Mwanangu," alisema, "mimi nalala usingizi mzuri. Umejitazama kwenye kioo? Umekonda. Macho mekundu kama ya sungura. Tangu lini hujacheka?"

Hilo swali hakuna aliyemuuliza miaka yote. Bi Minegishi alikaa chini, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Nimechoka, mzee. Hata sijui kama sasa hivi niko macho."

"Basi pumzika. Cheo hakimkandi mtu mgongo. Nenda kwenye maji moto, kaloweke mifupa yako. Hakuna aibu."

Hapohapo Bi Minegishi, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika maombi ya kuacha kazi kwa sababu binafsi, kama ilivyo desturi. Akamwomba mzee radhi kwa matusi, akainama mpaka nywele zikagusa meza. Alipokuwa akingoja lifti aliona kifua chake chepesi. Katika jengo zima, alijiambia, mwenye utu ni huyu mmoja tu.

Mzee Kuwabara alingoja mlango wa lifti ufungwe. Akafuta mikono, akatoa simu kwenye koti.

"Udagawa," alisema, bila hata kumwita bwana. "Wa mauzo tayari, kwa hiari yake. Mnunulieni maua. Kesho nileteeni yule wa uhasibu, na mwambieni anakuja kuniondoa mimi."